Maiti ya Mgeni, Shahidi wa Kwetu

Mhadhara uliotolewa mjini Kasongo mbele ya walimu, wanafunzi wa sheria na wa uuguzi, na wazee wa mji

 

Bwana Msimamizi wa Teritori, wakuu wetu wa mila, mashekhe, mapadri na wachungaji, madaktari na wauguzi, walimu wenzangu, mama zangu mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, na ninyi wanafunzi mliosimama madirishani kwa kukosa viti: nawashukuru. Waliotoka Kabambare kwa pikipiki nawapa pole ya peke yao, maana njia ile wakati wa mvua tunaijua sote.

Vijana walioniletea mwaliko walitaka nizungumzie filamu wanazotazama jioni, zile za wataalamu wanaochunguza vifo. Nilikubali kwa sharti moja: kwamba kwanza nikae nao tuzitazame. Nilikaa siku tatu mfululizo, katika chumba cha mabati, jenereta ikivuma nje, na kila mtu akiwa amelipa chake. Tulitazama ile ambayo Wafaransa huiita Les Experts, iliyoanza Marekani mwaka 2000 kwa jina la CSI. Tukatazama pia Criminal Minds: Beyond Borders, ya mwaka 2016, ambamo kikosi cha FBI hupanda ndege kila Mmarekani anapopata balaa katika nchi ya watu.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Mgeni amekufa. Ndege inatua. Wataalamu wanashuka na mabegi, mwili unalazwa juu ya meza, unamulikwa taa, kipande cha uzi kinatolewa kwenye ukucha, na kabla saa moja haijaisha mwuaji amekwisha kufungwa pingu. Siku ya pili, binti mmoja anayesomea uuguzi alinigeukia akaniuliza: "Mwalimu, na yule mama aliyeikuta maiti mtoni, mbona hawakumuuliza kitu?" Kweli, yule mama alionekana mwanzoni tu, anapiga kelele, ndoo inamwanguka, basi. Hakurudi tena.

Swali la binti yule ndilo lililoniandikia mhadhara huu. Nimekuja kusema kwamba vifo vya wageni vimechunguzwa hapa Maniema tangu zamani, kabla televisheni haijazaliwa, na kila mara ukweli umeokolewa au umepotezwa na jambo moja: jinsi maneno ya mtu wa mahali yalivyopokelewa. Nina hoja tatu. Ya pili ndiyo ndefu, mnivumilie.

Hoja ya kwanza: mwili hujibu uvumi, lakini lazima mtu auonyeshe ulipo

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Kindu ya 1961. Tarehe 11 Novemba mwaka ule, ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua pale na shehena ya askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani. Marubani na mafundi wake walikuwa Waitalia, watu 13, na mmoja wao alikuwa daktari. Ilikuwa enzi ya vita vya Katanga. Askari wetu waliona wazungu wenye sare wakishuka kwenye ndege, wakaamini ni mamluki wa Tshombe, kiongozi wa Katanga. Wakawakamata, na wote 13 wakauawa.

Kisha uvumi ukaanza kazi yake. Ilisemwa miili ilikatwakatwa ikatupwa Lualaba. Magazeti ya Ulaya yaliandika mabaya zaidi ya hayo, mambo ambayo sitayatamka mbele ya mama zangu, na watu wa Maniema wakabebeshwa jina la wala watu mbele ya dunia nzima. Miezi ikapita. Mnamo Februari 1962 miili ilipatikana. Ilikuwa imezikwa katika makaburi ya Tokolote, kijiji kidogo karibu na msitu. Ilifukuliwa, ikapelekwa Italia, na mwezi Machi ikapumzishwa Pisa, mji wa kambi yao, palipojengwa mahali pa kuwakumbuka.

Kaburi halijichimbi. Katika siku zile, ambapo kumgusa mzungu aliyekufa kungeweza kukugharimu maisha, kuna mikono iliyoshika jembe na kuwafukia watu wale ardhini kama binadamu wanavyofukiwa. Miili yenyewe ndiyo iliyoyakanusha magazeti. Lakini mnaona, ndugu zangu, ushahidi ule ulihifadhiwa na nani? Wataalamu walikuja kuuchukua tu. Hili la mauaji, siwatetei waliolifanya. Watu 13 waliuawa bila hatia. Ninachodai ni kwamba aliyezika naye yumo katika kisa, na filamu isingempa hata dakika moja.

Kasongo yenyewe ilipata daktari wake wa kufukua miili mapema zaidi. Sidney Langford Hinde alikuwa mganga Mwingereza katika jeshi la Dhanis, jeshi la Dola Huru ya Kongo. Novemba 1892, kando ya mto Lomami, alizungumza na kijana wa Kibelgiji aitwaye De Bruyne, maji yakiwa katikati yao. De Bruyne alikuwa mateka wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, na alikuwa ameletwa ukingoni ili azungumze na wenzake. Walimwambia ajitupe mtoni aogelee, wao wangewazuia walinzi kwa bunduki. Alikataa. Mkubwa wake, Lippens, alikuwa amebaki Kasongo, naye hakutaka kumwacha peke yake. Akarudishwa, na wiki chache baadaye wote wawili wakauawa hapa.

Tarehe 22 Aprili 1893 Dhanis akauteka mji, mji ule wa kale ambao leo tunauita Tongoni, ambako waakiolojia wamechimba miaka ya karibuni. Hinde akawa miongoni mwa watu waliofukua kaburi la Lippens na De Bruyne. Mikono ya maiti ilikuwa imekatwa, imechukuliwa kuwa alama kwa wakubwa kwamba kazi imefanyika. Fikirini mtu anayekagua maiti ambayo sauti yake anaikumbuka. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897, na naamini aliandika kwa uchungu wa kweli. Hata hivyo, watu wa Kasongo waliokufa siku mji ulipotekwa hawakufukuliwa na daktari yeyote. Nitalirudia jambo hili.

Hoja ya pili: uchunguzi huishi au hufa katika lugha ya shahidi

Hapa nawaomba wanafunzi wa sheria waweke kalamu chini wasikilize kwanza.

Mnamfahamu Emin Pasha kwa jina. Alizaliwa 1840 huko Silesia, jina lake Eduard Schnitzer, daktari wa tiba, mpenzi wa ndege na mimea, aliyekuja kuwa gavana wa Ikweta ya Sudan. Stanley alimfikisha Bagamoyo mwaka 1889. Mwaka uliofuata akarudi bara kwa niaba ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba, kisha akaingia Kongo. Ndui ikawapukutisha watu wake. Akaachana na mwenzake Stuhlmann, akashika njia ya magharibi pamoja na Wamanyema. Oktoba 1892 akauawa katika kijiji cha mkuu aitwaye Kinena.

Alikufaje? Kwa muda mrefu Ulaya haikujua. Aliyelifungua fundo ni Mmarekani, Richard Dorsey Mohun, mwakilishi wa biashara wa nchi yake katika Kongo, aliyekuwa amefuatana na jeshi la Dhanis. Mwaka 1894, huku kwetu Kasongo, watu wawili waliotajwa kuwa wauaji, Ismaili na Mamba, walitoa maelezo yao mbele yake. Walisema waliletewa barua kutoka kwa mkubwa wao, Kibonge, ya kuamuru mgeni auawe. Watu wa Emin, waliokuwa na bunduki, walidanganywa waende mashambani wakachukue mihogo na ndizi, waache silaha. Emin alikuwa barazani, mezani pake, na karatasi na mikusanyo yake ya viumbe. Wakamshika mikono na miguu, Mamba akamchinja, kichwa kikatiwa sandukuni kikapelekwa kwa Kibonge.

Huu ndio uchunguzi wa kifo cha mgeni tulio nao hapa petu, na una kila kitu: barua, hila, shahidi, mtuhumiwa, hata maneno yao. Vitu vya Emin vilikuwa vimekwisha kukutwa Kasongo mji ulipotekwa. Mohun akachapisha habari yake Marekani mwaka 1895, katika gazeti la Century. Ismaili na Mamba walinyongwa. Kibonge naye alikamatwa baadaye na Lothaire, ofisa wa Dola Huru, akauawa.

Sasa someni maelezo yale kama mahakimu. Wale watu wawili walizungumza Kiswahili. Tulichobakiwa nacho ni Kiingereza. Walisimama mbele ya jeshi lililokuwa limeuteka mji wao, na kamba walikuwa wakiiona. Mtu wa namna hiyo husema nini? Husema ya kweli, pengine. Husema pia yale anayoona yanatakiwa, na hulisukuma jambo kwa mkubwa wake ambaye hayupo. Mimi naamini kiini cha maelezo yale, maana yana vitu vidogo visivyo na faida kwa msemaji, kama ile meza na ile mihogo. Lakini neno lililotumika kwa "kuamriwa" lilikuwa lipi? Waliambiwa, walitumwa, walilazimishwa, au walikubaliana? Kwa Kiswahili hayo ni maneno manne na ni makosa manne tofauti mbele ya sheria. Yamekwenda. Hakuna aliyeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Msidhani hayo ni ya zamani. Machi 2017, huko Kasai, Umoja wa Mataifa ulipoteza watu wake wawili: Zaida Catalán wa Sweden na Michael Sharp wa Marekani. Cheo chao, mkumbuke, kilikuwa *wataalamu*. Walikuwa katika Kundi la Wataalamu lililochunguza makosa ya vita katika nchi yetu. Tarehe 11 walikutana Kananga na watu waliotoka upande wa Bunkonde, wakauliza kama njia ni salama. Jibu lilitoka kwa Tshiluba: msiende. Tafsiri ikatoka kwa Kifaransa: mtapokelewa vizuri. Tarehe 12 wakaenda, wakauawa. Miili yao ilipatikana tarehe 27.

Tunajuaje yaliyosemwa? Catalán alikuwa amewasha kinasa sauti. Baadaye sauti ile iliposikilizwa na wanaojua Tshiluba, onyo likasikika waziwazi, limelala hapo siku zote, likingoja sikio. Hakuna hadubini iliyogundua hilo. Alilisikia mtu aliyelelewa katika lugha ile. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ya Kananga kwa miaka, hukumu ikatoka tarehe 29 Januari 2022, na makumi ya washtakiwa wakahukumiwa kifo.

Nina kisa kidogo cha kwangu mwenyewe, na nakisema kwa aibu. Nilikuwa mwalimu kijana upande wa Kabambare. Mtu mmoja alikutwa amekufa shambani, kichwani ana jeraha. Akaja karani kutoka mbali, akaketi chini ya mwembe, akaweka karatasi mbili na kaboni katikati. Shahidi wa kwanza alikuwa koko mmoja mzee, amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, kwa sababu njaa ya wajukuu haingoji karani. Aliulizwa marehemu alimwona lini mara ya mwisho. Akasema, bila kuacha kumenya: "Nilimwona juzi, anapita na jembe, tukasalimiana."

Karani akaandika kwa Kifaransa: siku mbili zilizopita. Niliiona kalamu yake ikiandika. Nanyi mnajua, koko wa kwetu akisema juzi anaweza kuwa na maana ya kabla ya jana, na anaweza kuwa na maana ya siku hizi hizi, majuzi. Kwa neno lile, saa ya kifo ikasogezwa. Kijana aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na marehemu hakuweza kueleza alikuwa wapi siku ile iliyoandikwa, akafungwa. Alikaa ndani wiki nyingi, mpaka mzee mmoja alipomrudia koko na kumuuliza kama watu wanavyoulizana: "Koko, juzi ya soko, au juzi ya mvua kubwa?" Akajibu pale pale: "Ya soko." Siku tano kabla! Na siku ya soko yule kijana alionekana na watu hamsini.

Niliiona *juzi* ile ikiandikwa vibaya, nikanyamaza, kwa kuwa karani alikuwa mkubwa na mimi nilikuwa mdogo. Ndiyo maana leo nasimama kusema.

Sheria yetu yenyewe inalijua jambo hili. Mkachukue Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile ya dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Inapotaja watu wanaoweza kuitwa kuisaidia haki, inawapanga mstari mmoja: mkalimani, mfasiri, mtaalamu, daktari. Wote huapa. Mkalimani hatajwi mwishoni kama mbeba mizigo. Yuko pamoja na daktari. Kama daktari akikata mwili pasipostahili twasema ameharibu ushahidi, basi anayekata neno pasipostahili naye ameuharibu.

Hoja ya tatu: wataalamu wanapomtafuta mgeni, tuwadai watu wetu pia

Nitapita upesi kidogo, jua linatelemka.

Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika Bambarre, miezi mingi mwaka 1870 hadi 1871, miguu ina vidonda. Karatasi zilimwishia. Akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la London, The Standard, akikatiza maandishi ya chapa, kwa wino wa mbegu nyekundu za huku huku kwetu. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, sokoni, watu waliposhambuliwa kwa bunduki na wafuasi wa wafanyabiashara wa Kiarabu. Wengi walikuwa wanawake, waliokuja na mitumbwi, na samaki, mihogo na vyungu. Waliokimbilia Lualaba walizama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Wino ule ulififia mpaka usisomeke. Kisha timu ya wataalamu ikiongozwa na Adrian Wisnicki ikazipiga picha karatasi zile chini ya mianga ya rangi nyingi, mpaka maandishi yakajitenga na chapa ya gazeti, na mwaka 2011 yakatolewa hadharani. Hiyo ndiyo sayansi ya filamu, na mimi naipenda. Ilionyesha kwamba aliyoandika siku zile na aliyoyanakili baadaye kwa ajili ya wasomaji hayalingani kila mahali, na kwamba mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe ulionekana vibaya zaidi katika karatasi ya kwanza.

Wataalamu waliufuata wino wa mgeni, na mwanga wao ukawaangukia wafu wetu. Nashukuru. Lakini hesabu ya mama zetu wa Nyangwe ilibaki ile ya waliowaua, 330 au 400, kana kwamba watu 70 ni kitu cha kukadiria. Hakuna jina moja. Na kule Kasai, pamoja na Sharp na Catalán, waliondoka Wakongo wanne, mkalimani na waendesha pikipiki watatu. Miaka ilipita familia zao hazina mwili wa kuzika. Nendeni mkaulize dunia majina ya wale wawili, mtajibiwa. Ulizeni ya wanne.

Sisemi maiti ya mgeni isichunguzwe. Ichunguzwe, kwa bidii yote, maana naye ana mama anayengoja kwao. Nasema meza ile ile, taa ile ile na kiapo kile kile viwekwe kwa ajili ya dereva wake.

Tunakokwenda

Nimekwisha zungumza na wauguzi wawili, wanafunzi sita wa sheria na mzee mmoja wa Kibangubangu kutoka Kabambare. Tumenunua daftari. Tutaandika ndani yake maneno ya Kiswahili cha Kasongo na Kabambare yanayoweza kumpoteza karani: maneno ya siku na saa, ya undugu, ya vipigo na majeraha, ya sumu na dawa. Karani anayeandika kwamba fulani ni *ndugu* wa marehemu lazima aulize, tumbo moja au ukoo? Anayesikia *walimpiga* lazima aulize, kwa fimbo, kwa ngumi au kwa risasi? Kando ya kila neno tutaweka swali la kuuliza, na katika kila karatasi ya maelezo tutaomba kwanza yaandikwe maneno yenyewe ya shahidi, ndipo tafsiri ya Kifaransa ifuate chini yake. Simu zenu hizi zinanasa sauti. Zinaweza kufanya kazi ile iliyofanywa na kinasa sauti cha Catalán, shahidi akikubali.

Wazee wa Nyangwe nao tutawafuata kiangazi, kuwauliza kama katika familia zao limebaki jina lolote la mama aliyekwenda sokoni siku ile. Hata likipatikana moja, litaandikwa.

Yule binti aliyeniuliza juu ya mama wa ndoo yuko hapa, mstari wa tatu. Yeye ndiye mwandishi wa daftari. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, katika darasa la mwisho karibu na kisima, na neno la kwanza tutakaloandika ni *juzi*.